Ukimfungia Mvuvi Ziwa, Mwonyeshe Hesabu

Sokoni kuna swali ambalo kila muuza dagaa ameshalizoea: "Ni wa Kigoma kweli hawa?" Mteja huuliza huku ameshamchukua mmoja, anamgeuza, anamvunja kichwa, anamnusa. Muuzaji naye huapa. "Mama, wa Kigoma hawa, nikudanganye ili nipate nini?" Mteja hasadiki, lakini ananunua, maana hamu imeshamshinda. Ila kipimo si kile cha zamani. Aliyekuwa akibeba sado sasa anabeba kopo, na aliyekuwa akibeba kopo anafungiwa kidogo kwenye gazeti ili watoto waonje. Mtu akisikika kuwa anatoka Kigoma kuja Dar es Salaam, simu humiminika hata za ndugu ambao hawajamtafuta tangu msiba wa mwisho, na zote zina ombi moja.

Dagaa alikuwa mboga ya asiye na uwezo wa nyama. Alipikwa na nyanya moja na kitunguu nusu, na nyumba ikalala imeshiba. Leo dagaa wa Kigoma ni zawadi, kitu cha kupelekewa wakwe. Mboga ya maskini inapopanda hadhi namna hiyo, maskini amehamia kwenye mboga gani?

Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, niliona ni jambo jema, na hadi leo sina ugomvi na wazo la kulipumzisha ziwa. Ugomvi wangu uko kwingine. Anayemwambia mtu mzima mwenye watoto akae miezi mitatu bila riziki anadaiwa hesabu: samaki walikuwa wangapi kabla ya kufunga, wakawa wangapi baada ya kufungua, na walikuwa wakipungua kwa sababu gani. Hesabu hiyo haitolewi na hotuba wala na boti za doria. Hutolewa na watu wanaoshinda ziwani na vipimajoto, nyavu za sampuli na mizani, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna waziri anayewatazama. Kazi hiyo kwa muda mrefu tumeiachia miradi ya wafadhili; mradi ukiisha, na vipimo navyo hukatika. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali methali hiyo inapouma kuliko hapa.

Chakula kiko chini, mlaji yuko juu

Ili mtu aelewe kwa nini dagaa anapungua, lazima kwanza aelewe ziwa lenyewe, na ziwa hili si la kawaida. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Umri wake unakadiriwa kufikia miaka milioni 9 hadi 12. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Mwingereza, J.E.S. Moore, alifika mara mbili akiamini kwamba hapa palikuwa kipande cha bahari ya kale kilichonaswa barani, kwa sababu alikuta konokono wenye sura ya kibahari na yavuyavu wakielea kwenye maji matamu. Alikosea. Lakini alikosea kwa heshima, maana alikwenda kuangalia.

Maji ya ziwa hili yamepangana kwa matabaka. Juu kuna tabaka lenye joto, mwanga na hewa ya oksijeni. Chini kuna maji baridi kidogo, mazito, yasiyo na oksijeni kabisa. Upande wa kaskazini oksijeni hukoma kwenye kina cha mita 100 hivi, na upande wa kusini hufika karibu mita 200. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa mno ya ziwa hili tunalolisifia ukubwa haina hata dagaa mmoja.

Na hapo ndipo penye fumbo. Viumbe wanapokufa huzama, na rutuba yao huzama nao. Miaka nenda rudi akiba ya chakula imelundikana kule gizani, wakati mimea midogo ya kijani inayoihitaji iko juu kwenye mwanga. Nani ataipandisha? Upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, maji ya chini huinuka kuziba pengo. Rutuba inapanda, mimea midogo ya kijani inastawi, wadudu wadogo wa majini wanaila, dagaa wanawala wadudu hao, migebuka wanawala dagaa, na sisi tunawala wote wawili, wa pili akiwa kwenye mawese kama ana bahati.

Mnyororo huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Karibu na miamba kuna samaki wa kila rangi, zaidi ya aina 200 za jamii ya sato na ndugu zake, wengi wao wasiopatikana kokote duniani isipokuwa hapa. Lakini ziwani katikati, mahali vyombo vinapowasha taa usiku, wanaotawala ni aina sita tu: dagaa wa aina mbili, ambao kwa ukoo ni jamaa wa samaki wa baharini, na samaki wanne wa jamii ya sangara wa Ziwa Victoria, mmojawapo akiwa mgebuka. Aina sita ndizo zinazobeba mialo ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Ukitikisa mmoja, wengine wanasikia.

Sasa fikiria ndoo ya maji ya kuoga. Ukimimina maji ya moto juu ya maji baridi bila kukoroga, ya moto hubaki juu, na kadiri yalivyo ya moto zaidi ndivyo yanavyozidi kukataa kuchanganyika. Ziwa likipata joto, ndicho kinachotokea. Upepo uleule uliokuwa ukitosha kuinua rutuba hautoshi tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini upepo nao una mwisho wa kuinama.

Kipimo cha mwaka 1913

Haya hayakujulikana kwa kukaa ofisini. Mgebuka, ambaye Burundi wanamwita mukeke, jina lake la kisayansi linamkumbuka Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyekuja na msafara wa utafiti ziwani kati ya mwaka 1911 na 1913. Watu wa nyakati hizo walishusha vipimajoto kwenye vina virefu na kuandika walichokiona. Kipimo cha mwaka 1913 kilikaa kwenye karatasi kwa miaka 90. Kisha mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Catherine O'Reilly na jingine Piet Verburg, walikilinganisha na vipimo vipya wakakuta kwamba ziwa limepata joto hadi kwenye vina vyake virefu. Ongezeko la kule chini lilikuwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Lakini kwenye ziwa ambalo tofauti kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu, sehemu hiyo ndogo si mchezo. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya kijani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo laweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Mtu alishusha kipimajoto mwaka 1913 bila kujua kitamfaa nani. Aliyefaidika ni mjukuu wa mvuvi wa Ujiji ambaye sasa anaweza kusema, "Si mimi peke yangu niliyewamaliza." Ni nani leo anayeshusha kipimajoto kwa ajili ya mwaka 2113?

Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walitoa matokeo ya kazi nyingine, ya tope. Walichimba udongo wa sakafu ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki na konokono yaliyozikwa humo tabaka kwa tabaka. Wakaona kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua tangu karne ya 19, kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza, na kwamba kupungua huko kunakwenda sambamba na kupanda kwa joto. Walikadiria pia kwamba tangu mwaka 1946 eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38. Hayo ndiyo makazi ya konokono, kaa na samaki wa chini ambao hawapo kwingine duniani.

Je, basi wavuvi hawana lawama? Taratibu. Wako wataalamu, akiwemo Jouko Sarvala wa Finland, waliojibu mwaka 2006 kwamba takwimu za mavuno zinaonyesha zaidi mabadiliko ya namna watu wanavyovua kuliko mabadiliko ya tabianchi. Na hoja yao ina miguu. Kule kaskazini, meli za uvuvi za Bujumbura zilianza katika miaka ya 1950, na wale samaki wakubwa wa jamii ya sangara walipukutika upesi. Joto halikuwabeba kwenye majokofu. Kando ya ziwa makokoro yamekuwa yakikokota mchangani watoto wa dagaa ambao hawajazaa hata mara moja, na vyandarua vya mbu vimegeuzwa nyavu. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vijiji vya kando ya ziwa walikuta kaya nyingi zikivitumia hivyo. Bandu bandu huisha gogo.

Wengine husikia mabishano ya namna hii wakasema, "Mnaona? Wasomi wenyewe hawaelewani." Mimi nayasikia kinyume. Wataalamu wanabishana kwa sababu vipimo ni vichache na vina mapengo. Vingekuwapo vya kila mwezi tangu uhuru, mabishano yangekwisha zamani na tungejua tukemee kokoro au tukemee moshi wa viwanda vya mbali, na kwa kiasi gani kila kimoja. Kwa maoni yangu, ambayo hayahitaji digrii, yote mawili yanaua. Joto limepunguza chakula mezani, na sisi tumeongeza walaji wakati huohuo. Ziwa linalozalisha kidogo halivumilii kuvuliwa kama lile la babu zetu. Ndiyo maana kulipumzisha kuna maana. Na ndiyo maana pia kulipumzisha bila kulipima ni kubahatisha.

Fikiria mwaka ambao ziwa limefungwa, kisha likafunguliwa na dagaa wakajaa. Watu watapiga vigelegele, na viongozi watapiga picha na madumu ya samaki. Lakini dagaa hao waliletwa na kufunga, au mwaka ule upepo ulivuma vizuri? Dagaa wa Tanganyika huishi mwaka mmoja hivi. Miezi mitatu kwake ni robo ya maisha, na kizazi kimoja chenye bahati kinaweza kujaza nyavu bila amri ya mtu yeyote. Kinyume chake nacho kinawezekana: ziwa limefungwa, upepo ukawa hafifu, dagaa wakaadimika, na watu wakasema kufunga hakusaidii kitu. Asiyepima upepo, joto na samaki kwa pamoja hana haki ya kudai sifa wala sababu ya kubeba lawama.

Miezi mitatu kwa nani?

Tunaposema "wavuvi wamefungiwa", tunamfikiria mwanamume mwenye chombo. Mwenye chombo mara nyingi ana shamba, ana kibanda cha duka, ana mtoto Dar. Anayeumia ni yule anayepanda chombo cha mwenzake na kulipwa kwa mgawo wa usiku ule. Huyu ameshazoea likizo: kila mwezi mbalamwezi inapong'aa, taa za uvuvi hazifanyi kazi, dagaa hawakusanyiki, na vyombo hupumzika. Mvuvi wa Tanganyika alijua kufunga ziwa kabla ya wizara kuwapo. Lakini likizo ya mbalamwezi ni ya siku chache, na dukani humkopesha kwa sababu wanajua mwezi utafifia.

Na yupo mwanamke wa mialo ya Kigoma, Kibirizi au Katonga, anayenunua dagaa wabichi alfajiri, anawaanika, anawageuza jua linapopanda, anawaokota kabla mvua haijawaharibu, anawafunga kwenye viroba. Yeye hatajwi kwenye amri ya kufunga ziwa, maana havui. Lakini mkopo wake wa VICOBA haukufungwa tarehe 15 Mei. Marejesho ni kila wiki, na wanakikundi wenzake nao ni waanika dagaa. Kikundi kizima kinalegea kwa pamoja. Ukifika Juni, mtaji unaliwa. Ukifika Agosti, ziwa linafunguliwa na hana cha kununulia hata ndoo moja. Aliyekuja na fedha kutoka mbali ndiye anayefaidi mavuno ya mwanzo.

Kwenye sahani nako kuna hesabu. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake. Ndiyo maziwa ya mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna ng'ombe. Akikosekana, mahali pake huja maharage kama bei inaruhusu, na kama hairuhusu huja mchicha na chumvi. Upungufu huo hauonekani kwenye takwimu za tani zilizovuliwa. Huonekana kliniki, kwenye kadi ya mtoto.

Tani zenyewe hudanganya. Mwalo ukiripoti tani zilezile mwaka huu na mwaka jana, afisa huandika kwamba hali ni nzuri. Lakini vyombo vikiwa vimeongezeka mara mbili, kila chombo kimepata nusu. Kipimo cha kweli ni kilo ngapi kwa chombo kimoja kwa usiku mmoja, na taa za aina gani zilitumika, maana taa za sola za siku hizi si karabai za zamani. Wavuvi wanakijua kipimo hicho kwa ulimi. Ni suala la kukiandika. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo chake Kigoma, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali vya mialo vina watu wanaojua kusoma mizani. Mtaalamu mmoja na waandishi wa mwalo wanaolipwa posho isiyochelewa wangetupa zaidi ya semina kumi za hotelini.

Kufunga kwenyewe kuna namna nyingi. Dagaa wa katikati ya ziwa anahama, hana mpaka. Kumfungia kwa majira kunaeleweka. Samaki wa miambani yeye hahami. Huyo anahitaji mahali pake palindwe mwaka mzima, na ushahidi upo jirani: Hifadhi ya Milima ya Mahale inalinda pia ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni, na watafiti waliolinganisha maji hayo na yasiyolindwa walikuta samaki wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi ndani ya hifadhi. Tena milima ikiachwa uchi, mvua hushusha udongo ziwani na kufunika miamba ambayo samaki hao hutagia na kulishia. Cohen huyohuyo na wenzake walishaonyesha mwaka 1993 kwamba penye tope jingi aina za viumbe hupungua. Kwa hiyo anayekata msitu wa mlima juu ya Kigoma naye anavua, ila yeye hakuna anayemfungia.

Ndagala hana pasipoti

Kongo ina asilimia 45 ya ziwa hili, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wao jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na mamlaka ya pamoja ina makao yake Bujumbura. Dagaa anayeitwa ndagala kule Burundi ni yuleyule. Nchi moja ikifunga na jirani akiendelea kuwasha taa, mvuvi wetu hukaa ufukweni usiku akitazama mwanga wa wenzake ng'ambo. Umwelezeje mtu huyo umuhimu wa uhifadhi?

Wala si ndoto kudai nchi nne zipime kwa mizani moja. Samaki hawa wameshavuka mipaka mikubwa kuliko hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wa dagaa wa Tanganyika walibebwa hadi Ziwa Kivu, ambako leo Wanyarwanda na Wakongo wa Goma na Bukavu wanawala kwa jina la sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wengine walipelekwa bwawa la Kariba, na leo ni kitoweo cha Zambia na Zimbabwe. Watafiti waliwafuata huko kuona kama wamezaa, wakaandika. Tuliweza kuwafuatilia dagaa wetu ugenini. Inakuwaje tushindwe kuwafuatilia nyumbani?

Kabla ziwa halijafungwa tena, basi, pawekwe ubao kwenye kila mwalo mkubwa, Kibirizi, Katonga na kwingineko. Uandikwe kilo kwa chombo kwa usiku, mwezi kabla ya kufunga na mwezi baada ya kufungua. Uandikwe urefu wa dagaa waliopimwa, ili watu waone kama wanavua wazazi au watoto. Uandikwe joto la maji na nguvu ya upepo wa miezi ile, pamoja na za mwaka uliotangulia. Kama kufunga kumesaidia, waanika dagaa watakuwa wa kwanza kudai kurudiwe, na kama hakukusaidia, wana haki ya kujua walikaa na njaa kwa ajili ya nini. Na afisa atakayeandika takwimu hizo asiondoke na gari papo hapo. Akae mwaloni hadi wanawake wale wamalize kumuuliza maswali, na ajiandae, maana watu waliozoea kugombea bei ya ndoo alfajiri hawamalizi mapema.